Dole Gumba Langu Limepata Kazi

Ngoja nikupe kisa, jirani, ila usicheke. Mimi nilivunjwa mguu na bodaboda iliyokuwa imesimama. Imesimama! Injini imezimwa. Stendi iko chini. Wenzangu wanagongwa na malori ya mchanga Barabara ya Kilwa, wanapata heshima yao, trafiki anawachorea ramani barabarani. Mimi nilikuwa Mbagala Rangi Tatu nabishania jero. Kijana anasema buku mbili, mimi nasema buku na jero. Nikaegemea siti ili ubishi upate nguvu. Stendi ikazama kwenye tope, pikipiki ikanilalia kama ng'ombe aliyechoka. Muundi ukasema ko! Yule kijana, kabla hata hajaniinua, akaniinamia akasema, "Haya mzee wangu, twende kwa buku na jero."

Hospitali siitaji jina. Bado nina tarehe za kliniki pale.

Nikapigwa picha, mfupa umekatika, nikafungwa hogo. Kwa wewe ambaye mifupa yako ni mizima na unajidai nayo, hogo ni ile P.O.P., bendeji yenye unga mweupe inayoloweshwa maji na kuzungushwa kutoka vidoleni mpaka pajani, mguu ukatoka umevimba kama muhogo uliomenywa. Wakati wanazungusha nikaanza kusikia joto. Nikapiga kelele naungua, jamani, naungua! Sista akaniangalia kwa huruma ile ya kumwangalia mtoto. Akasema plasta ikianza kushika hutoa joto lake yenyewe, itapoa tu. Mimi ningejuaje? Unga ninaoujua mimi ni wa sembe, na ule hauchemki mpaka uwashe jiko.

Basi nikapelekwa wodini. Na hapo ndipo matatizo yenyewe yalipoanzia.

Kitanda cha jirani alilala mzee wa Tabora. Mnyamwezi. Mstaafu wa reli. Mimi Mzaramo. Unajua maana yake. Katika vitanda vyote vya wodi ile nimewekwa ubavuni mwa mtani, na mguu wa kukimbilia sina. Aliponiuliza nimevunjikaje nikasema lori. Lori la tani kumi. Jioni mke wangu, Mama Zuu, akaja na chai, akakaa, akamsimulia yote, na jero akaitaja. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyekanyaga wodi ile alielezwa na mtani, tena kwa kidole: "Huyo pale aligongwa na pikipiki ya kuegeshwa."

Yeye mwenyewe alivunjika paja, na aligongwa na gari la kweli, linalotembea. Mguu wake ulikuwa unavutwa. Chuma kimepenya mfupa chini ya goti, kikatokea upande wa pili. Kamba imefungwa kwenye chuma, imepita juu ya kapi, mwishoni inaning'inia mifuko ya mchanga. Kitanda nacho kimeinuliwa kwa matofali upande wa miguuni, mzee kalala kichwa chini miguu juu, kama mashua iliyopandishwa ufukweni. Mimi nilidhani ni adhabu. Nilidhani labda hajalipa.

Sasa Mama Zuu ana huruma, na huruma yake ndiyo huniponza. Akaitazama ile mifuko, akamtazama mzee, roho ikamuuma. Akavuta stuli, akaisogeza chini ya mifuko ili ipumzike. Mzee akasema, "Ahsante mwanangu, sasa napumua." Mama Zuu akanitazama, ona wenzio wanavyojua kushukuru. Mara sista inchaji huyo. Akasimama. "Nani kaweka stuli hapa?" Wodi nzima ikanyoosha macho kwangu. Na Mama Zuu naye akanitazama mimi! Mtu niliyefungwa hogo mpaka pajani, niliyekuwa naomba msaada hata wa kujigeuza, nimeshukaje kitandani nikabeba stuli? Hakuna aliyejiuliza. Nikasemwa mimi.

Ndipo sista akaenda akarudi na kishikwambi. Vile vile kama vya makarani wa sensa ya 2022. Nikajua anakuja kuniandika. Kumbe ana katuni ndani. Akawawekea Mama Zuu na mzee, mimi nikachungulia kwa pembeni. Linaonekana paja la katuni, mfupa umekatika vipande viwili. Misuli ya paja ina nguvu kuliko unavyodhani, inavivuta vile vipande, kimoja kinapanda juu ya mwenzake. Mguu unafupika. Kisha unakuja uzito, unavuta taratibu, misuli inachoka kubishana, mfupa unarudi kwenye mstari. Halafu katuni ikaonyesha stuli. Nakwambia stuli, kabisa! Mifuko ikakaa juu yake, kamba ikalegea, vipande vikaparamiana tena. Kumbe hili kosa ni la dunia nzima mpaka limechorewa katuni. Mifuko ining'inie huru. Isiguse sakafu, isiguse kitanda, fundo la kamba lisikwame kwenye kapi. Na yale matofali ni ili mwili wa mzee mwenyewe uvute upande wa pili, la sivyo angeburutwa akaishia miguuni mwa kitanda.

Mama Zuu alielewa kwa dakika moja. Mimi nilichoelewa ni kwamba betri ilikuwa asilimia kumi na nne.

Sista akaongeza kwamba chuma kile kinaitwa kwa jina la daktari wa Uswisi, Fritz Steinmann, aliyekieleza mwaka 1907. Mtani akakitazama kwa heshima mpya. "Mimi nimechomwa na Mswisi," akaniambia. "Wewe nani kakuchoma?"

Siku ya nne, saa za jioni, sista inchaji akasimama miguuni mwangu na mama mmoja mwenye miwani. Mkufunzi, nilikuja kumjua baadaye. Wananong'ona. Nikajifanya nimelala, maana habari za hospitali huzipati ukiwa macho. Nikasikia, "Huyu anafaa." Nikafurahi. Halafu nikasikia, "Kesho asubuhi tumuweke kwenye maltimidia."

Moyo ukalipuka pa!

Thieta naijua. ICU naijua kwa sifa. Maltimidia sijawahi kuisikia, na hospitalini neno ambalo hujawahi kulisikia haliwezi kuwa zuri. Nikamgeukia mtani. "Mzee, maltimidia ndiyo nini?" Akafikiri sana. Akasema, "Shemeji yangu alipelekwa huko mwaka ule Tabora." Nikauliza, "Ikawaje?" Akageukia ukutani.

Nikampigia Mama Zuu usiku ule ule. Nikamuusia watoto. Nikamtajia madeni yangu yote ili nisiende nayo kaburini. Hata yale aliyokuwa hayajui. Hata elfu arobaini ya kwa Mangi, ambayo nilishamwambia ni ya michango ya msiba. Nikalia kidogo. Nikalala nimenyooka ili nisiwape kazi.

Asubuhi wakafurika. Shangazi katoka Kisarawe na kanga begani. Kaka yangu ananitazama kwa urefu na upana kama fundi wa milango. Ustadhi wa mtaani keshaanza. Mama Zuu macho mekundu, nikadhani ni machozi, kumbe ni ile elfu arobaini. Ndipo mkufunzi akaingia, simu mkononi na kijimti cha miguu mitatu cha kuisimamishia. Akatabasamu. "Shikamooni. Tunaomba ridhaa ya baba tumpige video mguu wake, kwa ajili ya kufundishia manesi."

Kimya.

"Na maltimidia je?" nikauliza kwa sauti ya marehemu.

"Ndiyo yenyewe hiyo, baba. Picha, sauti, katuni na maandishi, vikiunganishwa kwa ajili ya somo."

Shangazi akafunga kanga yake. Akauliza swali moja tu: nauli ya Kisarawe inarudishwa na nani? Nikatazama dari. Na mtani, yule mzee asiye na haya, anatikisika kwa kicheko mpaka mifuko ya mchanga inacheza kwenye kamba, sista anamkimbilia, "Mzee, tulia! Utaharibu mstari!"

Mkufunzi aliwaelewesha ndugu zangu vizuri. Nesi leo yuko wodi ya wazazi, kesho anahamishiwa mifupa, keshokutwa ana zamu ya usiku na wagonjwa wengi peke yake. Darasani ataenda saa ngapi? Na Baraza la Uuguzi na Ukunga linamtaka aendelee kujisomea kazini. Kwa hiyo somo linamfuata kwenye simu yake, dakika tatu, nne, anatazama akinywa chai, akisahau anarudia. Akatupa na mfano wa Kenya. Amref na baraza la wauguzi la kule walianza mwaka 2005 kuwasomesha manesi kwa kompyuta wakiwa vituoni kwao, lengo likiwa ni kupandisha daraja manesi elfu 22 bila kufunga zahanati hata moja. Kaka yangu akatikisa kichwa kama anayeelewa. Mimi nilikuwa nawaza jambo moja: video. Nitaonekana.

Nikaomba nusu siku nijiandae.

Nikaita kinyozi mpaka kitandani. Elfu tatu, kwa mkopo. Nikamvua kaka yangu shati lake la mistari, akarudi nyumbani na singlendi. Nikajipaka mafuta usoni. Nikajifunza kukaa kiubavu, ule upande wangu wa kushoto ambao Mama Zuu aliusifia mwaka ule wa uchumba. Mkufunzi akaja, akatega simu yake. Chini. Miguuni. Nikamwambia kwa adabu, "Sista, uso uko huku." Akasema, "Baba, sura haitaonekana. Ni faragha ya mgonjwa. Iko kwenye ile fomu ya ridhaa uliyosaini."

Nilisaini, ndiyo. Nilisoma? Miwani ilikuwa nyumbani.

"Tutakuchukua kuanzia goti kushuka chini."

Kuanzia goti kushuka chini, jirani, mimi kuna hogo, na mwisho wa hogo kuna vidole vitano vinachungulia. Na vidole vyangu vina historia. Dole gumba limepinda kabisa, limejiegemeza kwa mwenzake kama mlevi anayeombwa nauli. Kucha sijui nilizikata lini. Nilikuwa na mipango nazo. Kamera ikasogea. Ikasogea tena. Mkufunzi akasema, "Hebu simamisha. Pale kuna nini?" Akatumwa nesi wa fildi, binti mdogo, aje na beseni, brashi na kikata kucha. Alisugua dakika ishirini. Maji yakabadilishwa mara mbili. Wagonjwa wenye magongo wakajongea kutazama. Somo lenyewe lilikuja kuchukua dakika nne.

Somo liliitwa jinsi ya kukagua mguu uliofungwa plasta. Kumbe ndiyo kazi waliyokuwa wakinifanyia kila baada ya muda, nami nikidhani wananichezea vidole kwa upweke. Unaangalia rangi. Unagusa kama pana uvuguvugu au baridi. Unamwambia mgonjwa afumbe macho, unamgusa, aseme ni kidole gani. Mimi nilikosea, si kwa ganzi, ni kwamba sijawahi kuvihesabu. Unamwambia avichezeshe. Unabonyeza ukucha, unakuwa mweupe, unaachia, uwekundu wake urudi ndani ya sekunde mbili. Ukichelewa, damu haifiki vizuri. Mwisho, unashika kidole chenyewe unakiinua taratibu, unamtazama mgonjwa usoni.

Hapo ndipo nilipowachosha. Mguu wangu haukuwa na tatizo, nilitakiwa nikae kimya. Lakini mimi nikiona tu mkono unakuja, "Aaa!" Bado sijaguswa. "Baba, kwani inauma?" "Hapana, ila itauma." Tena. "Aaa!" Mara tisa. Mara ya kumi wakanitia chapati mdomoni. Ikapita. Ukiisikiliza vizuri ile video, kwa mbali kuna mtu anatafuna.

Kabla ya hapo nilikuwa nimetoa na hotuba. Dakika kumi na moja. Nilieleza habari za jero, tope, na hali ya usafiri Mbagala kwa jumla. Wakaikata yote. Nikashauri basi waweke taarabu nyuma, somo lichangamke. Nayo wakaikataa. Mkufunzi akasema walishajaribu video ya kwanza yenye muziki, sauti inasoma, na maneno yale yale yameandikwa kwenye kioo. Manesi wakatoka hapo wanaimba. Ukiwauliza sekunde ngapi, hawajui. Akanitajia profesa wa Marekani, Richard Mayer, kule California, ametumia miaka mingi kupima mambo haya kwa majaribio na mwaka 2001 akaandika kitabu kizima juu ya kujifunza kwa maneno na picha. Anasema picha na sauti vinatosha. Ukimwekea mtu na maandishi yale yale anayoyasikia, jicho linagawanyika, halijui liangalie mguu au lisome. Na chochote kisichohusika, toa.

Chochote kisichohusika ndiyo mimi hapo. Kutoka goti kwenda juu.

Ningevumilia, jirani. Wallahi ningevumilia. Ila ngoja uone alichopata mtani.

Kulikuwa na somo la pili, la hatari yenyewe. Lilikuwa kwenye kishikwambi kwa Kiingereza, linaitwa kompatimenti sindromu. Nesi wa fildi akamuuliza mkufunzi, hii kwa Kiswahili nimweleze vipi ndugu wa mgonjwa? Mkufunzi akaanza, "Ni ongezeko la shinikizo ndani ya…" akakwama. Basi kutoka kitanda cha pili ikatoka sauti. "Kompatimenti? Si chumba cha ndani ya behewa?"

Wakageuka.

"Mimi nimekaa nazo maisha yangu yote," mtani akasema, miguu juu kichwa chini. "Daraja la pili, kompatimenti ya watu sita. Sasa ingiza watu kumi na wawili. Wanazidi kuvimba na mizigo yao, kuta hazitanuki, mlango umebanwa. Mwenye maji ya kunywa anapita koridoni, anasikika kabisa, lakini ndani hafiki. Watakufia mle mle na maji yanapita nje. Dawa yake usiwaimbie. Vunja mlango."

Mkufunzi alikaa kimya kidogo. Halafu akavuta kiti. "Mzee wangu, hebu lirudie hilo."

Maana ndivyo ilivyo, neno kwa neno. Misuli ya mguu imefungwa katika mafungu, kila fungu na ala yake ngumu isiyotanuka. Mfupa ukivunjika, hasa muundi, damu na uvimbe vinajaa mle ndani. Ukute na hogo limebana kwa nje. Damu mpya haiingii kwenye msuli. Na mshipa mkubwa unapita pembeni unadunda kama kawaida, vidole bado vya moto, mtu anapima mapigo anaridhika anaondoka. Msuli unakufa. Saa sita hivi zikipita, mwingine haurudi tena. Ishara ya kwanza ni maumivu. Maumivu yasiyolingana na jeraha, yasiyosikia dawa, na yanayopasuka ukimnyoosha kidole.

Wakamrekodi mtani. Mara moja tu, bila kurudia, na pengo lake. Sauti yake ndiyo iliyowekwa juu ya katuni. Yeye kawa sauti ya somo. Mimi nina dole.

Usiku ule sikulala kwa wivu. Nikasema na mimi nitasoma, kwani kuna nini. Nikafungua simu, nikatafuta video ya ugonjwa huo huo. Akatokea daktari wa Kihindi, anaongea Kiingereza kwa kasi ya mnada. Nikamfuata kwa picha. Maumivu: ninayo. Kubanwa: ninabanwa. Ganzi: nimelalia mkono, una ganzi. Sasa alipofika kwenye jinsi ya kujua kwamba huna, bando likakata.

Nikabaki na nusu ya elimu, ile nusu ya kuumwa. "Sista! Sista! Behewa limejaa!" Sista akaja, akakagua yote, akasema baba uko vizuri. Nusu saa ikapita. "Sista! Wanavunja mlango!" Akaja tena. Mara ya tatu ilikuwa saa nane usiku, akaja yule nesi wa fildi na tochi. Akabonyeza, akahesabu, akainua dole langu mpaka juu. Sikuguna. Nilikuwa natafuna karanga.

Akiwa anarudi, tochi yake ikapita kitanda cha mkabala. Pale alikuwepo kijana mmoja mbeba mizigo wa Kariakoo, hogo lake bichi la jana yake. Huyo tangu aingie hajasema neno. Kashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Jasho, na feni inazunguka. "Vipi kaka?" "Poa tu, sista." Alikuwa ameshachomwa sindano ya maumivu mara mbili. Binti akagusa vidole: vya moto. Akabonyeza ukucha: rangi inarudi. Akasimama pale. Mimi namwona. Kisha akashika kidole gumba cha yule kijana, akakiinua kidogo tu, kama upana wa ukucha. Kijana hakupiga kelele. Machozi yalimtoka yenyewe, akageuza uso ukutani.

Binti hakumaliza hata kukiachia. Mbio. Sista akaja, daktari wa zamu akaja anafunga vifungo. Hogo likapasuliwa urefu wote, na pamba yake, na bendeji ya ndani, mpaka ngozi ikaonekana. Mito iliyokuwa chini ya mguu ikaondolewa, mguu ukalazwa usawa wa moyo, maana ukiuinua juu zaidi damu ndiyo inazidi kushindwa kupanda. Kabla ya alfajiri alikuwa thieta, wakaipasua ile ala ya misuli kuipa nafasi. Mguu wake anao. Nilimwona juzi kliniki.

Asubuhi sifa zikamwagwa. Yule binti alisifiwa, haki yake. Mtani alisifiwa, maana binti alisema akiwa pale gizani alisikia kabisa pengo la mzee likisema maji yanapita nje. Haya. Na mimi? Aliyemleta nesi pale saa nane usiku ni nani? Bila mimi kupiga kelele za uongo, nani angepita na tochi? Nikalisema hilo kwa sauti. Mtani akajibu bila kufungua macho, "Hata mbwa wa jirani akibweka anaamsha mwenye nyumba. Hapewi ubani."

Wiki ya pili ikaja na mwasho. Ndani ya hogo, mahali ambapo mkono haufiki. Kishikwambi kilisema bendeji ya plasta ilibuniwa mwaka 1851 na daktari wa jeshi la Uholanzi, Antonius Mathijsen. Nilimtaja kwa jina usiku kucha. Kilisema pia plasta ya Paris imepewa jina hilo kwa sababu ya jiwe lililochimbwa Montmartre, nami nikamwambia Mama Zuu kwamba nimevaa kitu cha Paris. Akasema kitu cha Paris hakinuki hivyo. Na kilisema, kwa mchoro na msalaba mwekundu, usiingize kitu chochote ndani ya plasta kujikuna, unajichubua, kidonda kinaoza humo humo huoni. Niliuona mchoro. Nilidhani unahusu chuma. Mimi nilitumia kijiti cha mshikaki.

Kikavunjikia ndani.

Sikusema. Siku ya kubadilishiwa hogo msumeno ukapita, likafunguliwa, na mbele ya mkufunzi, sista inchaji na manesi saba wa fildi kikatoka kijiti, na nyuma yake kipande cha hoho kilichoungua. Mkufunzi hakusema kitu. Alifungua tu simu yake. Nipo sasa kwenye somo la tatu, linaloitwa Makosa.

Nikaruhusiwa na magongo. Hata hayo yana video: kupanda ngazi mguu mzima utangulie, kushuka mbovu utangulie. Niliitazama mara nne. Nikafika kwenye mlango wa daladala nikasahau kama huku ni kupanda au kushuka, nikatanguliza gongo, konda akanivuta kwa kola ya shati la kaka yangu. Wakanipisha siti ya mbele. Nikanyoosha hogo langu jipya njiani, vidole vinachungulia.

Pembeni yangu akakaa binti mwenye sare ya chuo cha uuguzi. Hajanitazama usoni hata mara moja. Anatazama chini. Anatazama tena. Akainama kabisa. "Samahani baba," akasema, "hili si dole la somo la kwanza?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ni la mdogo wangu.

Hakunisikia. Keshalishika. Akabonyeza ukucha, akaachia, akahesabu kwa sauti, moja, mbili. Daladala zima limesimama kunyoosha shingo. Konda naye akachungulia juu ya bega la binti, akatazama vizuri, akawageukia abiria wa siti za nyuma.

"Rangi imerudi!" akatangaza. "Mzee, nauli."